Majina ya Muda

Baba yangu hunyolea ndevu jikoni. Bafuni kuna giza, anasema, na mwanaume anayejinyoa gizani atatoka nje nusu mtu nusu mbuzi. Kioo chake kimetundikwa kwenye msumari kando ya dirisha, beseni linakaa mezani, na simu inaegemezwa kwenye kopo la majani ya chai. Mama alipofariki, akaanza desturi yake: asubuhi anafungulia ujumbe wa mwisho wa sauti aliotumiwa na mama, anapaka povu, anaanza na shavu la kushoto. Ujumbe unaisha kabla hajafika kidevuni. Anaufungulia tena.

Haukuwa ujumbe wa maana yoyote, kama mtu atauliza. Mama alikuwa amesafiri kwenda kutibiwa, akafikia kwa dada yake, akarekodi: "Mume wangu, nimefika salama, usiwe na wasiwasi. Dirisha la jikoni lisukume kwa goti, ndiyo linafunga. Shati la buluu usivae, halijakauka vizuri. Na usikae na njaa kunisubiri, kula." Halafu kacheko kadogo, halafu mlango unabamizwa huko alikokuwa, basi. Hakurudi. Simu yake mwenyewe ikapotea wodini katika zile purukushani, kwa hiyo sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, kwenye simu kuukuu ya baba.

Na simu hiyo ikaanza kuvimba. Betri ilikuwa inasukuma mgongo wa simu kutoka ndani, kifuniko kikawa hakikai. Nilimwambia mume wangu, "Hiyo simu italipuka siku moja na mama ndani yake. Ihamishe."

Mume wangu anatengeneza programu za kompyuta. Baba alimpa jina la Profesa siku ile alipokuja kujitambulisha kwetu akarekebisha televisheni kabla hajaletewa maji ya kunywa. Tangu hapo ni Profesa huyu, Profesa yule, na shangazi yangu, dada yake baba anayeishi naye, akiona taa inapepesa anasema mwiteni Profesa. Mume wangu anapenda. Anajifanya hapendi, lakini namjua, akiitwa hivyo anakunja mikono ya shati.

Kuhamisha ujumbe mmoja mmoja kwa mkono, aah, hiyo si kazi ya Profesa. Aliketi akaandika programu yake mwenyewe, ya kuchukua kila kitu kwenye simu ya zamani, kukiweka kwenye flashi, kisha kukitia kwenye simu mpya tuliyomnunulia baba. Alinieleza huku anatafuna kalamu. Kwanza kila ujumbe unapewa jina la muda, herufi tatu ambazo kompyuta inaziokota yenyewe ovyoovyo, ili usigongane na mwingine. Ujumbe wote ukishafika salama ndipo kila mmoja unapewa jina lake la kweli: nani katuma, lini. Nikamwambia hata mimi kwenye saluni mteja asiyejulikana namwita Dada wa Gauni Jekundu mpaka atakapolipa. Tukacheka. Kazi ikaisha, simu ya zamani ikafutwa yote, ikapelekwa kwa fundi simu, naye akaivunjavunja akachukua skrini na vipande vyake akavifunga kwenye simu za watu.

Tukaenda kwa baba kumkabidhi simu mpya. Nakumbuka alivaa soksi, kwa ajili ya simu! Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango, Profesa amesimama nyuma ya baba kumwelekeza. Baba akatafuta jina la mama, akalipata, tarehe ni ile ile. Akabonyeza. Akainamisha kichwa upande kama anavyofanya akisikiliza.

Ikatoka sauti yangu.

"Baba, fundi bomba amekuja au hajaja? Nimepiga mpaka mkono umechoka. Simu umenunuliwa ya nini, ya kuangalia saa? Jambo moja, kila siku, kila siku! Umenichosha, Baba. Kwa kweli umenichosha."

Nilikuwa nimeshasahau kama niliwahi kutuma kitu kama hicho. Nilikirekodi katikati ya kazi, mteja kichwa wazi ananisubiri, mikono ina mafuta. Baba aliitazama simu, akabonyeza tena, nikamfokea tena. Shangazi akasema, "Na mama yako yuko wapi?"

Mume wangu akaichukua simu mkononi. Alipekua, akapekua. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba labda, labda tu, vitu vilikuwa vimeshachanganyika huko kwenye simu ya zamani.

Labda. Neno dogo hilo, mimi ndiye niliyelikuza. Kwa sababu mimi ni msusi, na msusi asiyejua kusema hana wateja, na huo mdomo wa kazini huwa siuachi kazini. Nikamgeukia baba. "Baba, ulibonyeza nini wewe? Si ndivyo ulivyotutumia wote picha ya mguu wako? Na vidole vyako hivyo, nilikwambia usiguse ile simu mpaka Profesa aimalize. Sasa ona. Umemfuta mama!"

Nilisema hivyo. Umemfuta mama. Nilisema mbele ya shangazi, mbele ya mkwe wake.

Sasa nieleze kuhusu hivyo vidole. Baba yangu alikuwa fundi saa maisha yake yote. Alikuwa anashika skrubu ndogo kuliko mbegu ya nyanya, anaipandisha mahali pake huku anaongea na wewe habari za mpira. Hata baada ya kufunga banda lake, majirani walimletea saa zao nyumbani, naye alizifungua pale pale mezani, kitambaa cheupe kimetandikwa. Vidole hivyo ndivyo nilivyovitaja.

Akasema, "Labda nilibonyeza vibaya." Akaviweka vidole katikati ya magoti, akavibana. Profesa akakohoa. Mimi nikaenda jikoni kupasha chai, nimenuna, najiona mimi ndiye niliyefiwa peke yangu.

Baada ya hapo baba akaiogopa simu. Ukipiga, anapokea shangazi. Ukimwomba azungumze, shangazi anamwekea sikioni na kumshikia. Akitaka kuniona alikuja mwenyewe saluni kwa miguu, anakaa kwenye benchi na wateja, hasemi kilichomleta. Na saa za watu alianza kuzikataa. Jirani yetu mmoja alileta ya ukutani, ya kubadilisha betri tu, baba akamwambia, "Tafuta kijana mwenye vidole. Vyangu vimekwisha." Shangazi aliponisimulia nilisema uzee huo, Shangazi, umri umekwenda. Mdomo wangu ulikuwa na jibu kwa kila kitu.

Basi, siku moja nikajifungia nje ya nyumba. Ufunguo wangu ulikuwa umebaki ndani, nikaenda kazini kwa mume wangu kuchukua wake. Ofisi yao ni vyumba viwili juu ya duka la rangi. Ukipanda ngazi harufu ya tina ya kuyeyushia rangi inakuingia puani, na ndani kuna feni moja inayopuliza karatasi za wote. Mkubwa wake ni dada mmoja mrefu, wanamwita Polisi, kwa sababu hakuna programu inayotoka pale kwenda kwa mteja mpaka yeye aikague mstari kwa mstari. Nilimkuta amesimama nyuma ya kiti cha mume wangu, kikombe mkononi.

"Wifi, karibu, keti," akaniambia. "Namaliza kumkamata huyu." Kisha akamgeukia. "Hapa. Faili la muda unalipa jina gani?"

"Herufi tatu," mume wangu alijibu. "Kompyuta inachagua yenyewe, kwa bahati nasibu."

"Inachagua kutoka kwenye kapu gani?"

"Zote. Herufi kubwa, ndogo, tarakimu, kistari."

"Kistari!" Polisi akaweka kikombe chini. "Jina likianza na kistari mashine inadhani ni amri. Utaiambia ifute hilo faili, nayo itakuuliza unaongea lugha gani. Toa. Nukta pia usiitie, jina likianza na nukta faili linajificha, utalitafuta mpaka uchoke. Nyota, mstari wa mshazari, nafasi tupu, hizo hata usinitajie. Na irabu toa."

"Irabu nazo zimekosa nini?" nikauliza, mimi ambaye sikuulizwa.

"Wifi yangu, wewe acha. Mwaka jana kompyuta yetu iliokota herufi zake huko, ikamwandikia mama wa watu kwenye karatasi yake neno ambalo hata saluni kwako hulitamki. Tuliomba radhi mpaka midomo ikakauka. Ukiinyima irabu, haina tusi la kutunga."

Nilicheka sana. Nilitarajia Profesa naye acheke, au abishe, maana huyo bwana hubishana hata na mtabiri wa hali ya hewa. Hakucheka. Alikuwa ametulia mno.

"Na herufi kubwa zote toa," Polisi akaendelea. "Baki na ndogo na tarakimu. Ndiyo kapu salama."

"Zikichanganywa kubwa na ndogo majina yanakuwa mengi zaidi," mume wangu akasema, lakini alisema kama mtu anayesoma.

"Kwenye mashine hii, ndiyo, maana hii inajua kubwa si ndogo. Mteja akiyapeleka kwenye flashi je?" Akachukua bahasha mezani, akaandika nyuma yake: kTb. Chini yake akaandika: KTb. "Wewe unaona majina mawili. Flashi karibu zote zinaona jina moja. Faili la pili likija linakaa juu ya la kwanza, la kwanza limekwenda, na hakuna kengele inayolia. Kisha unakuja kuyapa majina ya kweli. Unachukua hili, unaliandika jina la fulani, kumbe ndani yake kuna mali ya mwingine. Mtu anafungua cha kwake anakuta cha jirani. Na mwenye kosa utamjua? Utamlaumu mwenye simu."

Akatupa kalamu. "Hii kitu umeitoa wapi? Si ya mradi huu."

"Niliiandika nyumbani," mume wangu akasema. Akainua macho akanitazama. Kisha akayashusha.

Mwanaume nimeishi naye miaka yote hii. Najua anavyotazama akiwa na njaa, akiwa amepoteza pesa, akiwa ametoka kusema uongo. Huko kuyashusha macho nilikujua. Nikasimama, nikamwambia Polisi samahani, namhitaji huyu kidogo nje.

Tulishuka ngazi mpaka katikati, pale kwenye kona ambapo wenye duka wanarundika makopo matupu. Nikamuuliza, "Sauti ya mama."

"Ndiyo," akasema.

"Ulijua lini?"

Akawa anang'oa rangi iliyokauka ukutani kwa ukucha. "Siku ile ile. Nilipoishika simu nikaona idadi imepungua, na ya kwako haipo mahali pake, iko mahali pa mama. Nikajua hapo hapo ni programu yangu, ila kosa lenyewe ndiyo nimelijua leo, Polisi alipolishika. Nilirudi kwa fundi simu kesho yake, nikakuta ameshauza vipande. Flashi nimeichokonoa kila siku mchana ofisini, wenzangu wakienda kula. Hakuna kitu, mke wangu. Imeandikiwa juu."

"Siulizi flashi. Nauliza baba. Ulimtazama baba anabana mikono katikati ya magoti, ukanyamaza?"

"Nilikuwa nataka kusema." Akaendelea kung'oa rangi. "Nilisema labda, ili nipate pumzi, nipange maneno. Wewe ukawa umeshaanza. Ukamwambia kamfuta mama. Naye akakubali. Akakubali, mke wangu! Nikaona mlango uko wazi, nikapita. Halafu kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi kurudi. Ananiita Profesa. Kila nikienda pale, karibu Profesa, na mimi nakunja mikono ya shati."

Nilikuwa nimejiandaa kumrarua. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, nayajua yote, nimeyatumia kwa watu wenye makosa madogo zaidi. Nikafungua mdomo, lakini neno lake moja likanizuia: wewe ukawa umeshaanza. Mume wangu alikuwa mwoga, sawa. Lakini yeye alisema labda. Aliyemwambia mzee mjane, mbele ya dada yake na mkwe wake, kwamba amemfuta mkewe, ni mimi mwanawe. Damu ilinipanda usoni pale kwenye ngazi, masikio yakawaka moto. Niliona aibu mpaka nikaanza kujipangusa mikono kwenye sketi kana kwamba ina mafuta.

"Twende," nikasema.

"Sasa hivi? Nina kazi. Jumapili si tutakwenda? Au nimtumie ujumbe kwanza, nimwandae?"

"Ujumbe! Mtu umemfanya aogope simu, unataka umtumie ujumbe! Twende, bwana, kabla sijaita watu."

Polisi alimruhusu bila kuuliza. Nadhani alisikia. Nyumba ile ngazi zake ni za chuma, hata ukinong'ona zinatangaza.

Tukashika njia ya kwa baba. Nilikuwa napanga jinsi ya kumwambia baba, nikaona kila mwanzo ninaoupata unaanza na yeye, Profesa, na unaishia kwake, na mimi simo popote. Nikapanga upya. Nikajikuta simo tena. Ni ajabu mtu anavyojua kujitoa kwenye habari yake mwenyewe hata akiwa hana anayemdanganya.

Baba alikuwa sebuleni, redio chini kabisa, anatazama mlango kana kwamba alijua. Shangazi alikuwa anakunja nguo kwenye kochi. "Heee, mchana huu!" shangazi akasema. "Kuna nani kafa?" Kisha akakumbuka nyumba aliyomo, akajipiga mdomo kwa kiganja.

Tuliamkiana, tukaulizana hali. Baba akasema, "Karibu, Profesa," akaondoa gazeti kwenye kiti ili akae. Mume wangu hakukaa. Alipiga goti kwenye mkeka, mbele ya baba yangu, naye si mtu wa kupiga goti, suruali yake ni ya kubana. Ingekuwa siku nyingine ningecheka.

"Baba," akasema, "sauti ya mama hukuifuta wewe. Niliifuta mimi."

Akamweleza. Hakutumia maneno makubwa. Alisema aliipa kila sauti jina la muda, akachanganya herufi kubwa na ndogo kwa ujanja wake, na kile kiflashi hakijui kubwa na ndogo, kwa hiyo sauti mbili zikapewa kitanda kimoja. Ya binti ikaja juu ya ya mama. Alisema kapu la herufi lilitakiwa kuchaguliwa kwa uangalifu, na mtu yeyote makini kazini kwao analijua hilo, na yeye angelikumbuka kama angetulia afikiri, lakini alikuwa na haraka ya kuonekana.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Redio ilikuwa inatangaza bei za kitu fulani. Shangazi alikuwa ameshika fulana hewani, haikunji wala haiweki chini.

"Kwa hiyo si mimi," baba akasema.

"Si wewe, Baba."

"Sikubonyeza kitu."

"Hukubonyeza kitu."

Baba akaitoa mikono yake kwenye mapaja akaiangalia, juu, kisha viganja. Akakunja kidole kimoja kimoja, kama zamani akitaka kuanza kazi asubuhi ya baridi. Akamuuliza mkwe wake, polepole, "Na wewe ulijua lini?"

"Siku ile ile, Baba."

Baba alimtazama tu kwa muda mrefu, bila ukali, na mume wangu akalia. Alilia vibaya, kwa kelele, kama mtoto aliyeshikwa. Baba hakumwita Profesa tena siku ile, na hajamwita hivyo mpaka leo. Anamwita mwanangu. Mume wangu anasema hilo ndilo linalomuuma zaidi, na mimi namwelewa.

Ikawa zamu yangu. Nikaketi kwenye mkeka, nikasema, "Baba, na mimi. Nilikusema vibaya. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, sikuuliza, sikungoja. Nisamehe, Baba." Sauti yangu ilitoka nyembamba, siyo ile ya saluni. Nilidhani nimemaliza. Nilidhani hapo ndipo chini kabisa.

Shangazi akaitupa fulana. "Na ile ya kila asubuhi je?"

"Dada, nyamaza," baba akasema.

"Sinyamazi! Nimenyamaza vya kutosha humu ndani." Akanigeukia mimi. "Baba yako kila asubuhi, akishapaka povu, ananiita jikoni nimbonyezee ile sauti. Yeye mwenyewe haigusi simu. Namuuliza nibonyeze ipi, anasema ile ile, palepale pa mke wangu. Nabonyeza, wewe unafoka. Umenichosha, Baba! Yeye ananyoa. Ikiisha anasema, dada, rudia. Nimemwambia huo ni wazimu, tuifute. Anasema usiguse. Akanikataza nisikwambie."

Jamani. Nimefanya makosa maishani, sikatai, lakini sikuwahi kutamani ardhi ipasuke kama dakika ile. Nilimwona baba pale jikoni, kioo kwenye msumari, wembe shingoni, na mimi namfokea, siku baada ya siku, mahali ambapo mama alikuwa anamwambia kula. Sikuweza kumtazama. Nilitazama soksi zake.

"Kwa nini, Baba?" nikauliza.

"Mahali pale palikuwa pake," akasema. "Nilipokuta maneno yale nikaona yananistahili. Mtu aliyemfuta mkewe, asikilize nini kingine?"

"Nipe simu niifute," nikasema. "Nipe, Baba, tafadhali. Sitaki uisikie tena." Simu ilikuwa kwenye meza ndogo. Nilinyoosha mkono. Naye akawahi kuichukua, yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akaifunika kwa kiganja.

"Iache," akasema. "Humu ndani hatufuti tena kitu."

Tukakaa. Shangazi akapangusa macho kwa fulana aliyokuwa ameitupa. Mume wangu alikuwa bado amepiga goti, hakuna aliyemwambia ainuke.

Baba ndiye aliyesema. Aliniambia kwa upole, kama anayemalizia mazungumzo ambayo yalikatika njiani, akiitazama ile simu chini ya kiganja chake.

"Yule fundi bomba," akasema, "alikuja. Nilikuwa nimemshikia tochi chini ya sinki. Nilisikia simu inaita, mwanangu. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi."